Greenham Common au Tempsford? Kuchagua matembezi ya kundi kwenye kiwanja cha ndege cha vita

Ikifika Machi na jua la Uingereza likaanza kuchungulia, wenzangu wa hapa Reading huanza kuulizana: mwaka huu tunatembea wapi? Bustani za mjini tumezichoka. Watu wanataka mahali penye udongo, upepo na habari ya kusimuliana njiani, tena pawe mahali ambapo mama mwenye mtoto na mzee mwenye goti bovu watafika bila kuachwa nyuma. Kwa miaka kadhaa sasa jibu langu limekuwa hilo hilo: twendeni kwenye kiwanja cha ndege cha vita kilichoachwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilijenga viwanja vya ndege kwa mamia, vingi mashariki na kusini mwa nchi, juu ya mashamba na malisho ya watu. Ndege nzito inataka ardhi tambarare na ya wazi, na ardhi ya namna hiyo ndiyo inayolifaa kundi kubwa lenye watu wa kila umri. Vita vilipokwisha, vingi vilirudi kwa wakulima. Leo njia ya miguu inakatiza pale palipokuwa pananguruma ndege za mabomu, na kipande cha zege kinachomoza katikati ya ngano.

Kati ya vile nilivyovitembea, vinavyofikika kwa treni na vyenye jambo zito la kuona au kusimulia ni viwili: Greenham Common, nje kidogo ya mji wa Newbury katika Berkshire, na Tempsford, karibu na mji mdogo wa Sandy katika Bedfordshire. Stoney Cross, ndani ya New Forest, nayo ni nzuri sana. Farasi wadogo wa msituni wanalisha juu ya uwanja wenyewe, na barabara ya magari inafuata njia ya zamani ya kurukia ndege. Lakini huko bila gari ni taabu, kwa hiyo naiweka pembeni.

Nieleze mapema ninakoelemea. Kama ni mara ya kwanza kundi lenu kutoka pamoja, au mna watoto na wazee, nendeni Greenham. Kama mmeshazoeana, hamfiki watu kumi, na mko tayari kutembea kilomita kama 15 kwa ajili ya ghala moja la shamba lililo tupu, basi Tempsford itawakaa moyoni kwa muda mrefu zaidi.

Safari na miguu

Newbury iko kwenye reli inayotoka stesheni ya Paddington, London, kupitia Reading. Ukipandia Reading ni nusu saa hivi. Kutoka stesheni hadi ukingo wa magharibi wa Greenham Common ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwa kupanda kidogo, na hadi kwenye mnara wa kuongozea ndege ni karibu saa nzima. Wenye watoto wadogo huwa tunawapandisha teksi mpaka mnarani, na wenye magari wanakuta maegesho pale pale, barabara ya Bury's Bank. Sandy unaifikia kwa treni za Thameslink kutoka stesheni ya St Pancras, London, karibu saa moja. Baada ya hapo ni miguu yako: unapanda hadi kijiji cha Everton kilicho juu ya ukingo wa kilima, unateremka uwanjani, unaendelea hadi kijiji cha Tempsford, kisha unarudi Sandy. Mkisimama kula na kusoma vibao, hesabuni saa tano.

Kuna jambo la nauli ambalo wengi hawalijui. Kwenye reli nyingi za kusini, watu 3 hadi 9 wakisafiri pamoja nje ya saa za msongamano hupunguziwa theluthi moja ya nauli. Lazima tiketi zikatwe pamoja na safari yote muwe pamoja. Ndiyo maana Tempsford huwa nachukua watu tisa na si zaidi. Greenham tukiwa ishirini na kitu tunajigawa mafungu, na kila fungu lina mkuu wake anayeshika tiketi.

Na msitegemee basi la Jumapili upande wa Sandy. Tulifanya hivyo mwaka mmoja, tukasimama kituoni karibu saa nzima na mvua inatupiga usoni, na basi lililoandikwa kwenye ratiba halikutokea. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miaka minne. Tangu siku hiyo Tempsford tunakwenda Jumamosi, na mpango wetu hauna basi ndani yake.

Kwa upande wa njia yenyewe, tofauti ni kubwa. Greenham njia ni pana, zimemwagwa kokoto na kushindiliwa. Kigari cha mtoto kinapita, na hata kiti cha magurudumu kinakwenda sehemu kubwa. Mzunguko mrefu unafika kilomita 10 hivi, karibu wote tambarare, na unaweza kuukatisha popote mtoto akianza kulia. Tempsford una vipande vya barabara ya zamani ya zege, halafu unaingia njia za shambani zenye udongo wa mfinyanzi. Baada ya mvua udongo ule unang'ang'ania kiatu mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa jiwe. Mteremko wa kutoka Everton ni mfupi ila unateleza. Viatu vya raba vya mjini viacheni nyumbani.

Greenham: ardhi iliyorudi kwa wenyewe

Greenham ilikuwa malisho ya pamoja tangu enzi na enzi. Wenyeji walikuwa na haki ya kulisha mifugo, kama zilivyo ardhi za malisho za vijiji vyetu. Mwaka 1941 serikali iliitwaa kwa ajili ya vita, na mwaka 1942 uwanja ukafunguliwa. Wamarekani wakaja na ndege za kubeba askari.

Jioni ya tarehe 5 Juni 1944, jenerali Dwight Eisenhower, Mmarekani aliyeongoza majeshi ya washirika, alifika hapa kuagana na askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 ya Marekani, usiku wa kuamkia uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani. Nyuso zao walikuwa wamezipaka masizi. Picha ya jioni ile imeenea duniani kote: jenerali ameinua mkono anazungumza, mbele yake yuko luteni kijana mwenye kibao shingoni chenye namba 23. Kijana yule ni Wallace Strobel, na siku hiyo ndiyo alikuwa anatimiza miaka 22. Namba ilikuwa ya ndege yake. Alipoulizwa anatoka wapi akajibu Michigan, na jenerali akaingia kuzungumzia uvuvi wa samaki wa huko. Wakati huo Eisenhower alikuwa ameshaandika karatasi ya kukiri kwamba uvamizi ukishindwa lawama zote ni zake peke yake. Saa chache baadaye ndege zilianza kuruka kuelekea Normandy.

Habari hiyo huwa naisimulia tukiwa tumesimama kwenye kile kipande cha njia ya kurukia kilichoachwa katikati ya uwanja. Mara ya mwisho mzee mmoja wa kundi letu aliinama, goti lake linamsumbua, akaweka kiganja juu ya zege lile na kukiacha hapo. Zege lina nyufa, na ndani ya nyufa kumeota nyasi nyembamba na kuvu wa rangi ya kijivu. Baba wa mzee huyo alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma, leo Myanmar). Mzee alituambia kwamba baba alikuwa akiwasimulia mvua isiyokatika, tope la magotini, na chakula kilichodondoshwa na ndege kutoka angani. Ni kweli kabisa: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana katika bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944 katikati ya masika, na chakula na risasi vilitegemea ndege. Dakota, ndege ya aina ile ile iliyowabeba akina Strobel kutoka Greenham, ndiyo iliyowalisha akina baba yake. Watoto waliokuwa wakikimbizana walinyamaza wenyewe.

Kinachoipa Greenham uzito wa pekee ni kwamba habari yake haikuishia pale vita vilipokwisha mwaka 1945. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walirudi na kujenga njia ya kurukia ya kilomita 3 kwa ndege za mabomu ya nyuklia. Kisha ikatangazwa kwamba makombora ya nyuklia yatawekwa hapa. Mwezi Septemba 1981 kikundi cha wanawake kiliwasili kwa miguu kutoka Cardiff, maili 120 hivi, kupinga makombora hayo, na baadhi yao wakapiga kambi langoni. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake wapatao 30,000 walishikana mikono kuuzunguka uzio wote, maili 9. Kwenye uzio walifunga nguo za watoto wachanga na picha za wapenzi wao. Makombora yalikuja hata hivyo, kuanzia Novemba 1983, jumla 96. Lakini Marekani na Urusi ya Kisovieti zikatia saini mkataba wa kuyaondoa Desemba 1987, na ya mwisho yaliondoka Machi 1991.

Wakati wanawake walikuwa wakishtakiwa kwa kuingia kambini, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, iliyoketi katika Baraza la Malodi, iliamua mwaka 1990 kwamba kanuni zilizotumika kuwashtaki zilikuwa batili kwa sababu ziligusa haki za wenye malisho. Haki ya mwanakijiji ya kulisha ng'ombe wake ilizitengua kanuni zilizotungwa kuilinda kambi ya silaha za nyuklia! Kila nikiwasimulia Wamasai na Wasukuma wa kundi letu jambo hili, wananiomba nirudie. Uzio ulishushwa, zege likang'olewa, na mwezi Aprili mwaka 2000 watu wakaruhusiwa kuingia tena. Kambi ya wanawake iliondoka mwaka huo huo, Septemba.

Leo ng'ombe wa wenyeji wanalisha pale zilipokuwa zikikimbia ndege. Mnara wa kuongozea ndege ulikarabatiwa na wenyeji na kufunguliwa mwaka 2018. Unapanda juu, unauona uwanja wote, na chini kuna chai. Angalieni siku za kufunguliwa kabla ya kuondoka nyumbani, maana haufunguliwi kila siku. Upande wa kusini-magharibi yapo maghala sita ya makombora, vilima vya udongo vilivyovikwa nyasi. Kuingia huwezi, yako nyuma ya uzio, ila ukisimama njiani unayaona waziwazi. Pia kuna ndege ya chuma iliyotengenezwa kwa mazoezi ya wazimamoto, imeshika kutu, na watoto wetu huipenda kuliko vyote.

Tempsford: ghala tupu

Tempsford hakuna mnara wa kupanda wala mahali pa kununua chai uwanjani. Kuna mashamba, upepo, treni za kwenda Scotland zinazopita kwa kasi upande wa magharibi, na ghala la zamani la shamba liitwalo Gibraltar Farm.

Kuanzia mwaka 1942, kikosi namba 138 na kikosi namba 161 vya jeshi la anga la Uingereza viliruka kutoka hapa kwa kazi ya siri: kupeleka mawakala wa siri (majasusi), bunduki na redio kwa wapinzani wa Hitler katika nchi zilizokaliwa, Ufaransa, Norway, Uholanzi na nyinginezo. Waliruka siku za mbalamwezi, kwa sababu rubani alihitaji mwanga wa mwezi kuona mito na njia panda chini. Wengine walidondoshwa kwa mwavuli kutoka ndege kubwa za Halifax. Wengine walipelekwa na Lysander, ndege ndogo iliyoweza kutua kwenye uwanja mfupi wa malisho ulioonyeshwa kwa kurunzi tatu tu. Lysander zenyewe mara nyingi zilisogezwa kwanza hadi Tangmere, pwani ya kusini, ili zifupishe safari.

Ghala la Gibraltar ndipo mawakala walipopita mwisho. Walipekuliwa mifuko isije ikabaki tiketi ya basi ya London au sarafu ya Kiingereza. Wakapewa bastola, na kidonge cha sumu kwa anayekitaka. Kisha ndege.

Ukiingia leo unakuta giza kidogo, harufu ya mbao kavu na vumbi la nafaka. Kuna rafu ukutani, na juu yake mataji ya maua mekundu ya karatasi yaliyopauka, misalaba midogo ya mbao, na picha zilizofunikwa plastiki ili unyevu usiziharibu. Nje miti imepandwa kwa ajili ya kumbukumbu. Tulipoingia sisi tisa, hakuna aliyeambiwa anyamaze. Dada mmoja alisoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, mpaka akamaliza.

Kijijini Tempsford upo mnara wa kumbukumbu ya wanawake waliotumwa, uliozinduliwa na mwanamfalme Charles mwezi Desemba 2013. Jina ambalo Waislamu wa kundi letu hulitafuta ni la Noor Inayat Khan. Baba yake alikuwa Mhindi, mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi. Noor alipelekwa Ufaransa Juni 1943 kwa Lysander kutokea Tangmere, akiwa mwanamke wa kwanza mtuma ujumbe kwa redio kupelekwa huko. Alikamatwa, akauawa katika Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, Septemba 1944. Karibu na jina lake liko la Violette Szabo, wakala mwenzake aliyeuawa katika kambi nyingine ya Wanazi, Ravensbrück, akiwa na miaka 23 na akiwa ameacha binti mdogo. Kundi letu lilipiga fatiha na sala ya Baba Yetu pale pale, kila mmoja kwa dini yake.

Kuna sababu ya kutochelewa. Septemba 2025 jopo la serikali la miji mipya lilipendekeza Tempsford iwe mmojawapo wa miji hiyo, na stesheni ya reli imepangwa kujengwa hapo. Nyumba zikianza kupanda, ukimya wa yale mashamba hautabaki kama ulivyo.

Msimu, wanyama na tumbo

Tempsford nawashauri mwishoni mwa Agosti au Septemba, ngano ikiwa imeshavunwa na udongo bado mkavu. Kipindi cha baridi kiacheni. Mkiweza kuoanisha na mwezi mpevu, shukeni kutoka Everton jua likizama. Njia ni ya umma na saa yoyote mnaruhusiwa, ila kila mtu awe na tochi. Ukiuona mwezi unachomoza juu ya uwanja ule mtupu, unaelewa kwa nini walisubiri siku zile.

Greenham inapendeza mwaka mzima, lakini Agosti ndipo mimea mifupi ya zambarau huchanua uwanja mzima. Kuanzia Machi hadi Julai kuna ndege wanaotaga chini, akiwemo kipozamataza, kwa hiyo msiache njia na mbwa afungwe kamba. Mkikaa mpaka giza la Juni mtamsikia kirukanjia, ndege anayekuja hapa kiangazi tu na kurudi Afrika wakati wa baridi. Mlio wake ni kama cherehani inayoshona bila kupumzika. Nyoka wadogo wa jamii ya kifutu wapo, hupenda kuota jua kandokando ya njia, na hukimbia wakisikia vishindo. Kupe ndio wa kuangaliwa zaidi. Vaeni suruali ndefu, na mkirudi nyumbani kagueni miguu ya watoto. Ng'ombe ni wapole ila mwenye ndama msimkaribie.

Chakula bebeni sehemu zote mbili. Sisi tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi na chai ya tangawizi kwenye chupa mbili kubwa. Choo Greenham kipo mnarani ukiwa umefunguliwa. Tempsford malizeni haja zenu stesheni ya Sandy kabla ya kuanza. Takataka zote rudini nazo, hasa ghalani, ambako mwenye shamba anatuachia tuingie kwa hisani yake.

Mwaka huu kundi letu litafanya yote mawili. Mei tunakwenda Greenham, familia nzima nzima, na watoto wameshaahidiwa ile ndege yenye kutu. Septemba, tisa kati yetu tutakwenda Tempsford, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Yule mzee amesema goti halitamfikisha ghalani kutoka Sandy. Mmoja wetu atampeleka kwa gari hadi kanisa la Everton, na kutoka hapo tutashuka naye polepole, kila mtu akimpa mkono kwa zamu.